Tusimtwike kijana deni la wazee

Wazee wetu walinena kwamba ahadi ni deni, na sijapata kumsikia mtu akiipinga kauli hiyo hadharani. Lakini walioitunga methali hiyo waliyajua mambo ya mikopo, na walifahamu kwamba deni lina pande mbili. Yupo adaiye na yupo adaiwaye, na kabla ya baraza kukata shauri lolote, huulizwa kwanza ni nani aliyemkopesha nani, kiasi gani, na mbele ya shahidi yupi. Maswali hayo ndiyo yaliyonizonga akilini nilipowasikiliza watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wakimjadili mvulana wa miaka 17 kana kwamba ni mdaiwa sugu aliyetoroka na fedha za chama cha ushirika.

Mvulana huyo ni Bryce Underwood, aliyesoma katika shule ya upili ya Belleville, mji mdogo wa jimbo la Michigan ulio kati ya Detroit na Ann Arbor. Mchezo wake ni kandanda ya Kimarekani. Sisemi hii yetu ya miguu, bali ule mchezo wa kofia ngumu na mabega yaliyotunishwa, ambao mpira wake una umbo la yai na hushikwa mikononi zaidi ya unavyopigwa teke. Underwood hucheza nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kuamua, katika muda wa sekunde mbili au tatu huku majitu ya kilo 130 yakimjia mbio, aurushe kwa nani. Timu isiyo na kwotabeki hodari ni jahazi lisilo na nahodha. Katika kundi la vijana waliotarajiwa kuingia vyuoni mwaka 2025, wachunguzi wa vipaji walimhesabu huyu kuwa wa kwanza katika Marekani nzima.

Tarehe 6 Januari 2024, akiwa bado na umri wa miaka 16, Underwood alitangaza kwamba atajiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, kilichoko Baton Rouge, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani kwao. Sababu haikuwa ngumu kuiona. Chuo hicho kilikuwa kimewatoa makwotabeki wawili, Joe Burrow mwaka 2019 na Jayden Daniels mwaka 2023, walionyakua tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo taji la mchezaji bora wa vyuo. Kijana anayetaka kuwa fundi seremala huenda kwa seremala ambaye milango yake haipindi. Siku mbili tu baada ya tangazo hilo, Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Belleville, kilitwaa ubingwa wa taifa. Kabla ya mwezi huo kwisha, kocha aliyeleta ubingwa huo, Jim Harbaugh, alikuwa amekwisha kwenda zake kwenye kandanda ya kulipwa huko Los Angeles.

Kwa zaidi ya miezi kumi mashabiki wa Louisiana walimhesabu Underwood kuwa mwana wao. Kisha, tarehe 21 Novemba 2024, majuma mawili kasoro siku moja kabla ya siku ya kutia sahihi, kijana alitangaza kwamba amebadili nia. Atacheza nyumbani, Michigan.

Msomaji asiyeufuata mchezo huu huenda akauliza, je, alikuwa amevunja mkataba? La, hasha. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kinachoitwa ahadi katika usajili wa wachezaji wa vyuo vya Marekani ni tamko la mdomo tu, lisilomfunga mtu yeyote mbele ya sheria. Kifungo chenyewe huja siku ya kutia sahihi, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Februari, na tangu mwaka 2017 ikaongezewa kipindi cha mapema mwezi wa Desemba. Hata ile barua rasmi ya kitaifa iliyokuwa ikitiwa sahihi, na iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilifutwa mwezi wa Oktoba 2024, nafasi yake ikachukuliwa na makubaliano ya kifedha baina ya chuo na mchezaji.

Kabla ya siku hiyo, chuo nacho hakifungwi. Kocha aweza kumwambia kijana kwamba nafasi yake ipo, kisha akampata aliye bora zaidi, na yule wa kwanza akapigiwa simu ya upole kumshauri atazame kwingineko. Vyuo huahidi nafasi nyingi kuliko zilizopo, kwa kuwa vyajua kwamba wengi watakataa. Mwenye basi la abiria anayekata tiketi zaidi ya viti sisi humwita mlaghai. Huko huitwa mkufunzi mwenye kuona mbali.

Juu ya tamko hili dhaifu la mdomo, Wamarekani wamejenga sherehe kubwa. Kijana huketishwa mbele ya kamera, kofia tatu au nne za vyuo mbalimbali zikiwa mezani, akaulizwa avae mojawapo. Nchi nzima hutazama mkono wake ukinyooshwa. Mwaka 2013 mchezaji mmoja hodari kutoka Florida, Alex Collins, alichagua Arkansas ilhali mamaye alitaka abaki karibu na nyumbani, na mama huyo akakataa kutia sahihi yake. Watu walicheka mno. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilivutiwa na jambo lililowapita wachekaji: sahihi ya mzazi ilitakikana kwa kuwa mtoaji ahadi hakuwa bado ametimiza miaka 21. Sheria haimruhusu kununua bia, wala kwa wengi wao haimruhusu kupiga kura. Lakini neno lake, tunaambiwa, lapaswa kusimama imara kama mbuyu.

Mwezi huo wa Novemba 2024 nilikuwa Ypsilanti, mji jirani wa Ann Arbor, nikiwa mgeni wa mpwa wangu ambaye ni muuguzi huko. Jumamosi ya tarehe 16 alinipeleka kwa kinyozi. "Mjomba," aliniambia njiani, "leo utasikia siasa ambazo hujawahi kuzisikia hata Nairobi." Michigan hawakuwa na mchezo siku hiyo. Walikuwa wameshinda mara tano na kushindwa mara tano, aibu kubwa kwa mabingwa watetezi, na kila mtu mjini alijua ugonjwa uko wapi: hawakuwa na mtu wa kurusha mpira. Televisheni ya kinyozi ilikuwa ikionyesha mechi ya mbali, LSU wakiwa ugenini kwa Florida. Hakuna aliyekuwa shabiki wa Florida mle ndani, lakini Florida walishangiliwa kana kwamba ni watoto wa mtaa. Kila LSU waliposhindwa kusonga mbele, mtu alisema, "Mvulana anatazama, mjue. Anatazama." Mchezo uliisha LSU wakiwa wamelazwa 27 kwa 16, kichapo chao cha tatu mfululizo.

Nitayatafsiri mazungumzo yao kadiri ninavyokumbuka. Mzee mmoja aliyestaafu kutoka kiwanda cha magari alishikilia kwamba kijana atarudi, kwa kuwa damu nzito kuliko maji, na mtoto wa Belleville hawezi kuwaacha watu wa kwao kwenda kula kamba wa mitoni. Kijana mmoja, mwanafunzi kwa kumtazama, alimjibu kwamba damu haihusiki hata kidogo, kinachohusika ni hundi. Kinyozi, mtu wa maneno machache, alisema kuwa mvulana akishasema neno mbele ya watu asipolishika basi hana adabu, hata kama neno hilo linamuumiza kinyozi mwenyewe. Wote wakamgeukia. "Kwa hiyo wataka aende Louisiana?" mzee akamuuliza. Kinyozi akafikiri kidogo, mkasi ukiwa hewani. "Nataka aje hapa," akasema, "lakini nataka aje kwa njia nzuri." Kicheko kilichofuata kilichukua dakika nzima.

Pembeni aliketi bwana mmoja wa makamo ambaye hakucheka. Nilikuja kuelewa kwamba ni mzaliwa wa Louisiana, aliyefuata kazi kaskazini miaka mingi iliyopita, na moyo wake ulibaki Baton Rouge. Alipozungumza, alizungumza taratibu. Alisema kwamba watu wa Michigan wameshiba, wana ubingwa wa juzi, wana uwanja unaoketisha watu zaidi ya 107,000, wana viwanda na matajiri. Kwao Louisiana, alisema, kuna mvua, mafuta na kandanda, na mvulana akishasema atakuja, watoto huvaa jezi yenye nambari yake kabla hajafika. "Mtamwambia nini mtoto wa aina hiyo?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu. Nami nakiri kwamba hiyo ndiyo hoja iliyonigusa kuliko zote nilizozisikia huko, na hadi leo sijaona mtu aliyeijibu vilivyo.

Kwani tusijidanganye kwamba ushabiki ni upuuzi. Mtu aliyepata kumwona babaye akilia kwa ajili ya Gor Mahia au AFC Leopards hawezi kusema hivyo. Shabiki huwekeza kitu ambacho hakirudishwi na benki yoyote. Hajui hesabu za chuo, hajaketi mezani na mawakala, hana sahihi popote. Anacho kitu kimoja tu, yaani tumaini, na tumaini hilo hulikabidhi mikononi mwa mtoto ambaye hajapata kuonana naye. Ndiyo maana anapoachwa huhisi kuibiwa. Lakini kuhisi kuibiwa si ushahidi kwamba aliyeibiwa alikuwa mmiliki. Hata sasa nikitafakari swali la bwana yule wa Louisiana, naona kwamba mtoto aliyevaa jezi alistahili kuambiwa ukweli, na ukweli huo wangemwambia wale waliomuuzia jezi.

Tuje sasa kwenye hundi, kwa kuwa yule mwanafunzi hakukosea. Kwa zaidi ya karne moja vyuo vya Marekani vilikusanya fedha nyingi kutokana na michezo huku vikishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi tu, asiyestahili zaidi ya karo, chakula na malazi. Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, katika kesi ya Alston. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, mlango ulifunguliwa kwa wachezaji kuvuna kutokana na majina, sura na umaarufu wao. Mara vikazuka vikundi vya wafadhili, matajiri waliosomea vyuo hivyo wakichanga fedha na kuwalipa wachezaji kwa njia za matangazo. Kwa upande wa Underwood, magazeti yalitaja kitita cha zaidi ya dola milioni 10 kwa muda wa miaka minne, na likatajwa jina la Larry Ellison, mwanzilishi wa kampuni ya Oracle na mmojawapo wa watu matajiri zaidi duniani, kuwa miongoni mwa walioisaidia Michigan kumshawishi. Tangu Julai 2025, kufuatia maafikiano yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni mwaka huo, vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Wapo wanaosema kwamba fedha hizi ndizo zilizoua uaminifu. Siafiki. Mwaka 2011, miaka kumi kabla ya senti moja halali kulipwa, Cyrus Kouandjio alitangaza kwenye televisheni kwamba anakwenda Auburn, kisha baada ya siku chache akatia sahihi kwa mahasimu wao wakubwa, Alabama. Na tarehe 15 Desemba 2021 Travis Hunter, mwana wa Georgia aliyekuwa ameahidiana na Florida State tangu mwaka 2020, aliwaacha asubuhi ya kutia sahihi yenyewe na kwenda Jackson State, chuo cha Wamarekani weusi huko Mississippi ambacho hakikuwa hata katika daraja moja na vyuo vile vikubwa. Kocha aliyemchukua, Deion Sanders, alikuwa ndiye shujaa wa kale wa Florida State! Waliomlaani kijana siku ile walisema amejizika angali hai. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2024, Hunter alinyakua tuzo ya Heisman akiwa Colorado, alikomfuata Sanders, na mwaka 2025 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa. Ikiwa kuna mtu aliyemwandikia kumwomba radhi, sijasikia.

Upo pia mfano wa upande wa pili, nao wafaa kuwekwa mbele ya kila mzazi anayedhani hundi ni kinga. Jaden Rashada, kwotabeki kutoka California, aliahidiana na Miami mwezi Juni 2022, akageukia Florida mwezi Novemba kwa ahadi ya dola milioni 13.85, akatia sahihi Desemba, na fedha hizo hazikuja. Kufikia Januari 2023 aliomba kufunguliwa, akaenda Arizona State, alikopata kucheza babaye, kisha Georgia. Mwezi Mei 2024 alifungua kesi mahakamani akiwashtaki kocha wa Florida na wengine waliohusika na ahadi hiyo. Kocha huyo, Billy Napier, ndiye yule yule aliyekuwa uwanjani Jumamosi ile kinyozi na wenzake walipokuwa wakiishangilia timu yake. Mkuki kwa nguruwe. Rashada alipowaacha Miami aliitwa msaliti. Florida walipomwacha yeye, mambo yaliitwa matatizo ya makaratasi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana kitendawili chenyewe ki hapa. Tunapouliza ni nani asiyetimiza neno lake katika mchezo huu, kwa nini macho yetu huanza na mdogo kuliko wote chumbani? Aliyemsajili Underwood kwa niaba ya LSU ni Brian Kelly. Bwana huyu mwaka 2009 aliiacha timu yake ya Cincinnati, ambayo haikuwa imeshindwa hata mara moja, kabla ya mchezo wake mkubwa wa mwisho wa msimu, akaenda Notre Dame. Mwaka 2021 akaiacha Notre Dame ilhali bado ilikuwa na matumaini ya kuingia katika mashindano ya ubingwa, akaenda LSU kwa mkataba wa miaka kumi wa takribani dola milioni 95. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote si gavana wala daktari mkuu bali ni kocha wa kandanda au wa mpira wa vikapu wa chuo. Hao ndio wanaoketi sebuleni mwa mama wa watu, wakala pilau yake, au chochote kinachopikwa huko, na kumwambia kwamba mwanawe atakuwa mwana wao.

Sasa tuyatazame yaliyofuata. Oktoba 2025, katika msimu ambao Underwood angekuwa anacheza mwaka wake wa kwanza chini ya Kelly, LSU walimfuta Kelly kazi wakiwa bado wana deni la takribani dola milioni 54 la mkataba wake. Kwa hiyo kama kijana angelishika neno lake kama mashabiki walivyodai, angejikuta Baton Rouge, mbali na kwao, bila ya mtu aliyempeleka huko. Lakini msikimbilie kusema kwamba alichagua vyema. Huko Michigan aliwekwa uwanjani tangu mchezo wa kwanza wa msimu, nao wakashinda mechi tisa kati ya kumi na mbili kabla ya michezo ya mwisho wa mwaka. Kisha tarehe 10 Desemba 2025 kocha aliyempokea, Sherrone Moore, naye alifutwa, kwa sababu za mwenendo wake mwenyewe zisizohusiana na mchezo. Katika miezi 13 baada ya kijana kubadili nia mara moja, makocha wote wawili waliompigania walikuwa wametoweka. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na safari hii fahali wote waliondoka na nyasi zikabaki zikitafuta mchungaji.

Sisi Wakenya si wageni katika safari hizi za vyuo vya Marekani, ingawa zetu zilikuwa za miguu mitupu zaidi ya za kofia ngumu. Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Paul Ereng alikuwa katika Chuo Kikuu cha Virginia na Peter Rono katika chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland walipoleta dhahabu za Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Edward Cheserek wa Marakwet alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Hawa waliondoka nyumbani kwa kukubali neno la mkufunzi wa mbali, wengine bila kupata kukiona chuo kabla ya ndege kutua, na hapakuwa na kamera wala meza ya kofia. Nawataja kwa sababu moja. Tulipokuwa tukiwashangilia, hatukuuliza kama kila mmoja wao alitimiziwa alichoahidiwa. Tuliuliza kuhusu saa na medali tu. Mzazi wa Iten au Kapsabet anayeletewa leo barua ya basari kwa ajili ya mwanawe anao mwongozo mzuri katika masaibu ya hawa wavulana wa kandanda: aulize nafasi hiyo ni ya miaka mingapi, mtoto akiumia mguu itakuwaje, kocha akihama itakuwaje, na majibu hayo ayapate kwa maandishi.

Je, nasema basi kwamba neno la kijana halina uzito? Sisemi hivyo. Yuko mtu mmoja ambaye kwa hakika aliumizwa na kubadili nia kwa Underwood, na kwa mshangao wangu hakutajwa hata mara moja katika yale mazungumzo yote niliyoyasikia, wala kabla ya tangazo wala baada yake. Michigan walikuwa tayari na kwotabeki mwingine wa kundi hilo hilo, kijana wa Florida aliyekuwa ameahidiana nao kwa muda mrefu. Yeye hakuwa wa kwanza nchini. Hakuna tajiri aliyempigia simu. Alilishika neno lake miezi yote hiyo wakati Michigan wakishindwa na kushindwa tena, na wakati kila mtu mjini alipokuwa akimwombea mwingine achukue nafasi yake. Tangazo lilipotoka alijiondoa, akaishia Wisconsin.

Nilimuuliza mpwa wangu baadaye kama watu wa Ann Arbor walimfikiria huyo kijana. Akaniambia kwamba alipoulizia kazini, wenzake wawili hawakujua kwamba alikuwepo. Wa tatu alimjua, na alisema tu kwamba yalikuwa mambo ya biashara. Nimeyaweka maneno hayo akilini kwa sababu ndiyo yale yale ambayo watu wa Louisiana walipaswa kuambiwa, na ambayo hakuna mtu wa Michigan angethubutu kumwambia bwana yule aliyeketi pembeni kwa kinyozi. Nilimwona tena siku mbili baada ya tangazo, Jumamosi ambayo Michigan waliwalaza Northwestern 50 kwa 6, akinunua mkate dukani. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza nimezoeaje baridi. Juu ya mvulana hakusema neno.

Tangu wakati huo LSU wamepata kocha mwingine. Tarehe 30 Novemba 2025 walimtangaza Lane Kiffin, ambaye siku hiyo hiyo aliiacha timu yake ya Ole Miss ikiwa imeshinda mechi 11 na kushindwa moja, na ikiwa inangoja tu kuingia katika mashindano ya ubingwa wa taifa. Wachezaji aliowasajili walibaki wakijiandaa chini ya msaidizi wake. Mkataba aliopewa Baton Rouge, kama ulivyoripotiwa, ni wa miaka saba, takribani dola milioni 13 kwa mwaka, na fidia atakayolipwa endapo wataachana imekwisha kuandikwa humo humo.